Tetea Haisimami Chilewa

Jeneza la Mzee Lugendo lilikuwa limefungwa mikanda minne katikati ya behewa, na bado Shangazi Kabula alikuwa ameliwekea mkono juu, eti lisije likateleza. Hakuna aliyemwambia kwamba behewa lile halitikisiki. Lilielea juu ya njia yake ya sumaku, kimya, na bilauri ya maji aliyoiweka dirishani tangu Dodoma haikuwa imemwaga hata tone.

"Baba yako angeichukia safari hii," Shangazi alisema. "Treni isiyopiga kelele! Mtu atajuaje kama anasafiri?"

"Alikuwa anaipenda, Shangazi."

"Aliipenda kwa sababu umeitengeneza wewe. Hata ungemtengenezea sufuria linalovuja, angelipikia."

Kashindye alicheka, kisha akageuka kutazama nje. Nje hakukuwa na cha kutazama. Kwa mwendo ule nchi nzima huwa rangi mbili tu, ya udongo chini na ya mbingu juu.

Treni yenyewe ilikuwa na jina refu la herufi na tarakimu, lakini wananchi hawakuwa na muda nalo. Waliiita Tetea, na mabehewa madogo yaliyofuatana mkiani mwake wakayaita vifaranga. Tetea haikusimama popote kati ya Morogoro na Kigoma, maana ikishashika mwendo, kuisimamisha na kuikimbiza tena kulikula umeme wa wilaya nzima. Kwa hiyo ilipokaribia kituo ilipunguza mwendo kidogo tu, ikamwachia kifaranga mmoja, naye akachepuka peke yake hadi stesheni huku mama yake akiendelea na safari bila kugeuza shingo. Wanaotaka kupanda walirushwa na sumaku za kituo ndani ya kifaranga chao, wakaidaka Tetea inayofuata kwa nyuma. Kifaranga cha Mzee Lugendo kilikuwa kimekodiwa kwa mazishi, na kilitakiwa kuachiwa Tabora.

Wala tusiisingizie Tetea. Mama aliyeshikwa na uchungu Manyoni alikuwa mbele ya daktari Dodoma kabla chai aliyoiacha haijapoa. Asali ya Itigi ilipakiwa alfajiri, ikauzwa Dar es Salaam asubuhi ile ile. Kabla njia haijajengwa watu walizozana redioni mwaka mzima, nchi inayochota maji kwa ndoo ina haja gani na treni ya kukimbia hivyo, na Kashindye, wakati huo bado mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa mkali kuliko wote. Alisema maskini ndiye asiye na muda wa kupoteza. Hata leo, akiwa na jeneza la baba yake mbele yake, aliamini vile vile.

Simu ya Shangazi ikaita. Akaiweka sauti juu, maana masikio yake hayakuwa yale ya zamani.

"Kabula! Mko wapi?"

"Tunaitafuta Chilewa, mtani wangu."

"Mnaitafuta au mnaipita?"

Shangazi akamtupia Kashindye jicho. Sauti ile ya upande wa pili ilikuwa ya Bibi Nyemo, Mgogo wa Chilewa, mtani wa Mzee Lugendo tangu enzi Lugendo alipokuwa dereva wa treni ya zamani ya dizeli, ile iliyosimama kila penye mti.

"Nimesikia Lugendo kafa," Bibi Nyemo aliendelea. "Kafa bila kuniaga, tabia ya Kinyamwezi hiyo. Sasa mnampitisha juu ya ardhi yangu kama gunia la vitunguu? Tangu lini Mnyamwezi akavuka Ugogo bila kutoa hongo? Namngoja stesheni. Nimeshakaa chini, na nikishakaa mimi kuninyanyua ni kazi."

Akakata.

Kwa asiyejua, mambo haya ni ya kale. Zamani za misafara Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, na njia ilipita Ugogo, na Wagogo ndio waliokuwa na visima. Mpita njia alitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, akanywa, akalala, kesho yake akaendelea. Ugomvi wa visima ukageuka mzaha, na mzaha ukawa udugu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana nawe usinune, na siku ya msiba ana haki ya kuizuia maiti yako mpaka awatoze wafiwa faini nao wailipe. Maiti isiyozuiwa na mtani wake ni kama imetupwa tu.

Kashindye alifumba macho. Kituo cha Chilewa kilikuwa kimefungwa, na aliyekifunga ni yeye.

*

Yeye ndiye aliyebuni Mizani, akili iliyopanga vituo vyote vya njia ile. Kila kifaranga kilipoachiwa, Tetea ilipoteza sekunde kumi na moja. Si kitu, utasema. Lakini ndani ya Tetea wamo watu mia tisa, na sekunde zao ukizijumlisha zinakaribia saa tatu. Mizani iliziweka saa hizo upande mmoja, na upande wa pili ikawaweka wanaoshuka. Chilewa walishuka wawili, siku nyingine mmoja na mbuzi wake. Mizani ikasema funga, Kashindye akatia saini.

Haikupita muda mrefu ombi likaja. Mwalimu mstaafu wa Chilewa alikuwa amefia hospitali Dodoma, na wanakijiji waliomba kifaranga kimoja tu kimrudishe nyumbani. Mizani ilikataa. Ombi likapanda hadi mezani kwa Kashindye, kwa kuwa sheria iliweka binadamu awe na neno la mwisho. Alilitafakari mchana kutwa. Akimruhusu huyu, kesho atamkataliaje mwingine? Akakataa naye, na hata jina la mwalimu yule sasa hakulikumbuka.

Baba yake hakumlaumu kwa kuifunga Chilewa. Siku alipomwambia, mzee alikoroga chai yake muda mrefu kisha akauliza, "Na watu watashukia wapi, mama?" Alimwita mama tangu utotoni. Kashindye alidhani ni swali la dereva mzee aliyezoea treni za kusimama simama, akambusu utosini, akaenda kazini.

"Si una ufunguo?" Shangazi alisema.

Alikuwa nao. Mhandisi mkuu aliruhusiwa kushuka kituo chochote, hata kilichofungwa, kwa ajili ya ukaguzi.

"Basi sema unakagua. Si uongo. Ukifika, kagua."

"Shangazi, niliwakatalia watu wa Chilewa jambo hili hili. Waliomba kwa ajili ya maiti yao, nikasema hapana. Leo kwa kuwa ni baba yangu, niseme ndiyo?"

Shangazi Kabula alikuwa mwanamke mnene mwenye macho madogo ya huruma, na huruma yake mara nyingi ilitoka kwa ukali.

"Uliwanyima bila haki au kwa haki?"

"Wakati ule niliona ni haki."

"Na sasa?"

Kashindye aliutazama mkono wa shangazi yake juu ya jeneza, mkono uliojaa mishipa kama ya baba yake.

"Kama ulikosea," Shangazi alisema taratibu, "unataka kukosea mara ya pili ili makosa yalingane? Mwanangu, kalipie lile la kwanza. Usilizalie pacha."

Kwenye kioo cha ukutani alama ya Chilewa ilikuwa inasogea, kijivu, kama vituo vyote vilivyofungwa. Kashindye aliinuka, akamwita mwongoza njia wa zamu aliyekuwa Morogoro.

"Elibariki, naachia kifaranga Chilewa."

"Chilewa imefungwa, Mhandisi. Naandika ukaguzi?"

Alifungua mdomo, na neno lile lilikuwa pale pale tayari, jepesi, lenye ruhusa zake zote. Akalimeza.

"Andika mazishi. Ya baba yangu mzazi."

"Mhandisi, pole sana. Lakini nikiandika hivyo watakuita kwenye kamati. Nikuandikie ukaguzi tu. Sote tuna wazazi."

"Watu wa Chilewa nao walikuwa na mzazi wao, Elibariki, na mimi ndiye niliyewakatalia. Andika mazishi, na uandike aliyeruhusu ni mimi."

Akageuza ufunguo. Kifaranga kikaachana na mama yake kwa mguso mdogo sana, hata maji ya bilauri yakatikisika tu kidogo. Tetea ikatangulia, ikawa mstari wa fedha, kisha haikuwepo.

*

Breki za kifaranga hazisuguani na kitu. Ule mwendo wenyewe hugeuzwa umeme na kumiminwa kwenye betri kubwa iliyofukiwa chini ya kila stesheni, ambayo watu wanaiita kibuyu. Katika michoro ya Kashindye kibuyu kilikuwa na kazi moja tu, kukusanya nguvu za kumrusha kifaranga anayeondoka. Nguvu hizo pekee hazitoshi kila siku, kwa hiyo kilichopungua kiliongezwa na laini ya umeme inayotoka kwenye njia kuu. Hayo ndiyo aliyoyajua.

Hakujua kwamba mkuu mmoja wa kituo, mtu mwenye roho nzuri na nidhamu haba, aliwavutia wanakijiji waya kutoka kwenye kibuyu. Pampu ya kisima cha Chilewa iliendeshwa na waya huo, na jokofu la chanjo la zahanati pia. Kila kifaranga kilipoingia wanakijiji walisema kimetoa hongo. Mizani haikuwahi kuambiwa habari hiyo. Siku Chilewa ilipofungwa kibuyu kikakauka, na wanawake wakarudi korongoni kufukua mchanga kutafuta maji.

Mlango ulipofunguka, joto liliingia kwanza, likafuatiwa na sauti ya salamu ya Kigogo.

"Mbukwenyi, wapagazi! Mmeleta mzigo?"

Stesheni ilikuwa imeota majani hadi kwenye benchi. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wengi kuliko Kashindye alivyotarajia, na mbele yao alisimama bibi mwembamba aliyevaa kofia ya dereva wa treni iliyochakaa, na kipenga shingoni. Alikuwa ameweka mkono mmoja kiunoni na kupinda magoti kidogo, na kwa sekunde moja Kashindye akamwona baba yake mwenyewe pale. Ndivyo alivyosimama Mzee Lugendo kila alipotaka kutoa amri asiyoiamini.

"Mimi Lugendo, dereva!" Bibi Nyemo alinguruma. "Nimechelewa kwa sababu ya injini! Si kwa sababu ya togwa ya Nyemo, hapana! Ni injini!" Akapepesuka, akapiga kipenga, watu wakaangua kicheko. Shangazi Kabula alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtoka, na hakuna aliyeweza kusema ni machozi gani.

Kisha Bibi Nyemo akajilaza mlangoni mwa behewa, chali, miguu imenyooka, kofia juu ya uso.

"Hapiti mtu," alisema kutoka chini ya kofia.

Shangazi akavua kitenge chake kipya, akakiweka kifuani pa Bibi Nyemo. Kikarushwa pembeni. "Mgogo gani anakataa nguo?" Shangazi akauliza. "Kweli dunia imekwisha. Unataka nini basi, tukuchemshie jiwe?"

"Na mlenda juu yake."

Wakati huo huo chini ya miguu yao kitu kikaanza kunguruma. Mwanamke mmoja kwenye mkeka akainua kichwa, akasikiliza, akasema kwa sauti ya kutoamini, "Pampu." Nyuma ya stesheni bomba likakohoa hewa, likatema tope, likatema maji mekundu, halafu maji yaliyoanza kutakata. Wanawake wakaondoka mbio na ndoo. Muuguzi wa zahanati, akiwa bado na sare, naye akaondoka kwenda kutazama jokofu. Msiba wote ukasahaulika kwa muda, na maiti, kama bado ana adabu alizokuwa nazo akiwa hai, hakukasirika.

Kashindye alikwenda kwenye kioo cha mitambo ya kituo. Kibuyu kilikuwa kimejaa, na umeme wake ulikuwa unavutwa kwenda kwenye pampu kwa waya ambao hakuuchora yeye. Alifanya hesabu, akairudia, kisha akampigia Elibariki ingawa jibu alilijua.

"Laini ya kuongezea umeme hapo ilikatwa ulipofunga, Mhandisi. Tetea ijayo inapita baada ya saa moja. Ukitaka kuidaka, rusha kwa kibuyu. Kitatosha, lakini kitabaki kitupu."

Alisimama pale, mkono kwenye kioo, akitazama ndoo zikipangwa foleni. Tabora walikuwa wamechimba kaburi tangu jana na wageni walikuwa wanasubiri. Kwa saa moja angewapa watu hawa maji, kisha angeyachukua tena ili baba yake asichelewe.

Akarudi mlangoni, akachuchumaa karibu na Bibi Nyemo.

"Bibi, sema faini yako ni nini. Kweli."

Bibi Nyemo aliondoa kofia usoni. Macho yake hayakuwa na mzaha tena.

"Unamjua Mwalimu Ndahani?"

Jina likaja sasa, lilipokuwa limechelewa.

"Alikuwa mume wangu," Bibi Nyemo alisema. "Ulipokataa, tulimleta kwa lori. Ilikuwa masika. Siku mbili kwenye matope, na jua likitoka tunatafuta matawi ya kumfunika. Unajua nani alikuwa anasukuma lori lile? Huyu mzee wenu. Alikuja mochwari Dodoma na fimbo yake, akasema Mgogo hawezi kwenda kuzikwa bila Mnyamwezi wa kumbeba. Alisukuma, viatu mkononi, akimtukana mume wangu njia nzima. Akamwita mvivu, akamwambia ashuke asukume naye. Mpaka nikacheka. Nimezika mume wangu nikiwa nimecheka, mama."

Kashindye alikumbuka. Baba alirudi na suruali iliyoganda tope hadi mapajani, akasema tu kwamba alikwenda kumzika mtani wake. Kashindye ndiye aliyeifua suruali ile, kwa mikono yake, huku akimgombeza mzee kwa kutojitunza.

"Alijua ni mimi niliyekataa?"

"Alijua. Na mimi nilijua. Nilimwambia mwanao ana moyo wa chuma. Akaniambia hapana, mwanangu ni mwema, ni vile tu hajawahi kushuka hapa."

Hapo Kashindye akalia. Hakulia hospitalini, wala alipochagua jeneza, lakini alilia sasa, kwa sauti, akiwa amechuchumaa mlangoni mwa behewa lake mwenyewe, na Bibi Nyemo akaketi akamvuta kichwa begani kwake. Alinuka moshi wa kuni na mafuta ya nazi.

"Nisamehe, Bibi."

"Ngoja, sijamaliza. Ulinichukulia siku mbili. Moja nakusamehe kwa ajili yake. Moja nilipe. Lugendo alale hapa leo, kama msafiri. Nimtukane vizuri, nisiharakishwe. Kesho mchukueni."

Kashindye alimgeukia shangazi yake. Shangazi Kabula alikuwa amekwisha kutoa simu.

"Tabora watasema nini?" Kashindye aliuliza.

"Mtani akishazuia, nani atabisha? Watakula ng'ombe wao, watangoja. Kaburi halikimbii." Akainua simu sikioni. "Halo? Ndiyo, tumekamatwa. Chilewa. Mgogo ametukamata."

Kashindye alifuta uso kwa kiganja, akampigia Elibariki mara ya mwisho.

"Kibuyu kisiguswe. Nitumie lile gari la kuvuta vifaranga vilivyoharibika, lije kesho asubuhi."

"Kesho? Mhandisi, kutoka hapo hadi Tabora ni nusu saa tu."

"Najua. Niliipima mimi. Kesho, Elibariki. Na iambie kamati nitakuja, nitawaeleza habari ya kibuyu cha Chilewa. Kuna vitu sikuviweka kwenye Mizani."

Wanaume wanne wakafungua mikanda, wakalibeba jeneza hadi kivulini, wakaliweka juu ya mkeka. Mtu akamletea Kashindye maji ya bomba kwenye kata anawe. Yalikuwa bado na wekundu kidogo. Alinawa, akavua viatu, akakaa chini pamoja na wafiwa wengine, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakutazama saa.

Juu ya tuta, mbali kidogo, Tetea iliyofuata ikapita na watu wake mia tisa. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Baadhi ya wenyeji waliipungia mkono, ingawa hakuna wa ndani ambaye angeweza kuwaona.

Bibi Nyemo alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akainama juu ya jeneza na kubisha mara tatu kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

"Lugendo! We mpagazi! Amka," alisema. "Mwanao ameshuka."